UZI: Pombe na imani za mtaani. Kahawa, maziwa, kuzimua, "moto wa bluu" na mengine yanayogharimu watu

Mtarimbo (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mwisho wa wiki ushauri ni uleule: umelewa kunywa kahawa nyeusi, oga maji ya baridi, asubuhi zimua (kunywa tena kidogo ili kuondoa hangova). Sehemu kubwa haina msingi na baadhi inaua. Tuweke uzi mmoja wenye hesabu, atakayeuliza tena atupiwe huu.

Jambo linalobeba mengine yote: pombe mwilini huhesabiwa kwa gramu na hutoka kwa saa. Chupa, rangi ya kinywaji na namna unavyojisikia havisemi kitu cha kutegemea.

Gramu unazipata hivi. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia iliyo kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79, maana mililita moja ya ethanoli (pombe yenyewe iliyo ndani ya kinywaji) ina uzito huo kwa gramu. Bia ya ml 500 yenye 5% ni takriban gramu 20. Kichupa cha ml 200 cha pombe kali ya 35%, kile cha kuweka mfukoni, ni gramu 55. Chupa ya mvinyo ya ml 750 yenye 13% ni gramu 77. Kwa hiyo anayesema "mimi sinywi bia, nakunywa kichupa kimoja tu" amekunywa karibu bia tatu, na anayemaliza chupa ya mvinyo akiona ni kinywaji cha kistaarabu yuko kwenye bia nne. Viroba vya ml 100 vilivyopigwa marufuku Tanzania tangu 1 Machi 2017 vilikuwa na balaa hilohilo: kifuko kidogo kuliko kiganja, ndani gramu 28 au zaidi.

Upande wa kutoka: ini la mtu mzima wa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 8 kwa saa. Hapo ndipo ile ya "bia moja kwa saa haina shida" inapokufa. Bia moja ya ml 500 inachukua karibu saa tatu kuisha. Ukinywa moja kila saa, unarundika.

Sasa kahawa, maji baridi, kukimbia, kutoka jasho, kukojoa sana. Asilimia 90 na zaidi ya pombe huvunjwa na ini. Kinachotoka kwa mkojo, pumzi na jasho ni kiasi kidogo, kama asilimia 2 hadi 10, basi hata ukinywa ndoo ya maji hujaiharakisha. Kahawa huondoa usingizi, haiondoi ulevi. Unabaki mlevi aliye macho, na huyo ndiye anayejiamini kushika usukani. Vinywaji vya kuongeza nguvu vikichanganywa na pombe kali vinafanya kazi hiyohiyo, tena mtu anaongeza nyingine kwa sababu hajihisi amechoka.

Karibuni muongeze. Madaktari na wafamasia wa jukwaa, mpo?

kijana_wa_goba

Mkuu maziwa je? Mimi najua ukinywa maziwa kabla yanapaka tumbo pombe isiingie.

Mtarimbo

Hayapaki chochote. Ila kula kabla ya kunywa kunasaidia kweli, kwa sababu nyingine. Pombe hunyonywa kidogo tumboni, sehemu kubwa kwenye utumbo mwembamba. Chakula hufunga mlango wa chini wa tumbo kwa muda, pombe inashuka polepole na kilele cha ulevi kinakuwa chini. Ugali na nyama, wali maharage, chapati, chochote kinachokaa tumboni kinafanya hivyo. Maziwa nayo yana mafuta na protini, basi yanasaidia kama chakula kidogo, hayana muujiza wa ziada.

Chakula *baada* ya kulewa ni hadithi nyingine. Pombe imeshaingia kwenye damu, chipsi mayai ya saa nane usiku haiwezi kuifuata huko.

TaaNyekundu

Niongeze upande wa barabara, maana hapo ndipo imani hizi zinapokutana na sheria. Kikomo cha sheria ya Tanzania ni mg 80 za pombe kwa kila ml 100 za damu. Kenya wanapima pumzi, kikomo ni mg 0.35 kwa lita ya pumzi, ambayo ukiigeuza inaangukia hapohapo.

Makadirio ya haraka: gramu ulizokunywa × 100, gawa kwa (kilo zako × 0.68) kama ni mwanamume, au × 0.55 kama ni mwanamke. Jibu ni mg kwa ml 100. Kisha toa 15 kwa kila saa iliyopita tangu uanze kunywa.

Mfano, mwanamume wa kilo 70, bia sita za 5%, ameanza saa 2 usiku akamaliza saa 6. Gramu 120 × 100 ÷ 47.6 = 252. Saa 12 asubuhi zimepita saa 10, toa 150, anabaki na 102. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, ana shati safi, na bado yuko juu ya kikomo. Saa 2 asubuhi yuko 72, chini ya kikomo kwa nywele. Anafika sifuri karibu na saa 7 mchana. Na hiyo 15 ni wastani: wengine ni 10, wengine 20. Mwenye 10 saa 2 asubuhi bado yuko 132.

Mwanamke wa kilo 55 anafika 250 ileile kwa chupa moja ya mvinyo. Halina uhusiano na uzoefu wala ujasiri. Mwili wake kwa wastani una maji kidogo kwa kila kilo, na pombe hukaa kwenye maji ya mwili.

Hesabu hii ni ya kukuonya usiendeshe. Usiitumie kujipa ruhusa.

kijana_wa_goba

Na bigijii (chingamu)? Kuna jamaa hutafuna karanga na vitunguu swaumu kabla ya kufika kwenye kizuizi cha polisi.

TaaNyekundu

Unabadilisha harufu ya mdomo. Kipima ulevi kinasoma hewa ya ndani ya mapafu, ndiyo maana askari anakwambia upulize kwa muda mrefu bila kukata. Hewa hiyo imekutana na damu. Dawa za kusukutua mdomo ndizo kituko kabisa, nyingi zina pombe ndani, ukipuliza mara baada ya kusukutua namba inapanda. Dakika 15 zikipita pombe ya mdomoni imeisha, ile ya mapafuni iko palepale.

wa_ziwani254

Sisi huku Kenya kuzimua tunaita kutoa loki. Mnasemaje kuhusu hiyo? Maana kusema ukweli asubuhi ukipiga moja unaskia afadhali.

DawaBaridi

Afadhali unayoisikia ni ya kweli, sababu yake ndiyo mbaya. Hangova ni mchanganyiko wa mambo: upungufu wa maji, usingizi mbovu, tumbo lililokwaruzwa, mabaki ya pombe kuvunjwa, na ubongo uliokuwa umekandamizwa usiku kucha sasa unaruka upande wa pili. Ukiongeza pombe unaukandamiza tena. Deni lipo, umelisogeza mbele hadi mchana au kesho. Na mtu akifika mahali ambapo *bila* ya asubuhi mikono inatetemeka, hiyo si hangova tena. Nesi atakuja kuieleza.

Supu ya asubuhi inayoendana na kuzimua, yenyewe haina kosa. Ina maji, ina chumvi, kichwa kinapata nafuu ya kiu. Supu bila kile kichupa pembeni ni matibabu mazuri tu.

Kuhusu vidonge vya kichwa, hapa watu wanakosea kila siku:

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini juu ya tumbo lenye pombe zinaongeza hatari ya vidonda na kutokwa damu tumboni. Ukitapika kitu cheusi kama unga wa kahawa au choo kikawa cheusi kama lami, hospitali siku hiyohiyo.

Panadol (paracetamol) kwa anayekunywa mara mojamoja, vidonge viwili asubuhi, kwa kawaida si tatizo. Kwa anayekunywa kila siku, ini lake hugeuza sehemu kubwa zaidi ya paracetamol kuwa sumu, na akiba ya kuizima ni ndogo hasa kama hali vizuri. Huyo asijipangie dozi mwenyewe. Na ile ya kumeza nne kabla ya kulala ili "kuwahi hangova" achaneni nayo, nguvu ya dawa inaisha kabla hujaamka.

Flagyl na tinidazole: usinywe pombe ukiwa kwenye dozi, na baada ya kumaliza kaa siku tatu. Maelezo ya kwenye pakiti yanaonya kuhusu uso kuwaka, kutapika, moyo kwenda mbio. Lakini imani kwamba antibayotiki *zote* zinagombana na pombe hivyo si kweli. Amoksilini haina ugomvi huo. Nalisema kwa sababu kuna watu wanaruka dozi Jumamosi ili wanywe, na kuruka dozi ndiko kunakowarudishia ugonjwa.

Diazepam, fenobabitoni, tramadol na pombe ni mchanganyiko wa kusimamisha pumzi. Hapo hakuna "kidogo".

Wenye kisukari mnaotumia insulini au glibenclamide: ini likiwa linashughulika na pombe halitoi sukari, basi sukari inaweza kushuka usiku mtu akiwa amelala. Jasho, kutetemeka, kuropoka, na kila mtu baa anasema amelewa. Pimeni sukari kabla ya kucheka.

MgemaMdogo

Huku pwani kuna wanaosema mnazi ni maji ya mti, hauna pombe ya kuhesabu. Mnazi hauna lebo, ndiyo shida yake. Ukishuka tu mtini asubuhi ni mtamu na dhaifu. Chachu iko ndani tayari, inafanya kazi kwenye kibuyu na kwenye dumu, hivyo wa asubuhi na wa jioni kutoka mnazi mmoja ni vinywaji viwili. Kesho yake umekuwa mkali na unaanza kwenda kwenye siki. Mtu anayehesabu vibuyu anajidanganya. Ulanzi wa Iringa (pombe ya mianzi) ni vilevile, na mbege (pombe ya ndizi) nayo haibaki ilivyokuwa asubuhi. Kwamba ni vinywaji vya mila haibadilishi ethanoli iliyomo.

Swali langu ni gongo, pombe kali ya kienyeji. Watu wanawasha kiberiti, ukiwaka bluu wanasema ni safi. Mtarimbo hebu tuwekee hii sawa.

Mtarimbo

Hii niikalie kidogo maana ndiyo inayozika watu kwa mkupuo.

Kipimo cha moto kinakuambia kitu kimoja tu: kuna pombe nyingi ya kutosha kuwaka. Hakikuambii ni pombe *ipi*. Ethanoli inawaka bluu. Methanoli, ile ya viwandani inayopofusha, nayo inawaka bluu hafifu, mchana jua likiwaka unaweza hata usiuone moto wake. Anayepitisha gongo kwa moto wa bluu anaweza kuwa anapitisha sumu yenyewe. Kunusa hakusaidii, kuonja hakusaidii, kutikisa na kuangalia mapovu hakusaidii. Mitaani hakuna kipimo cha methanoli kinachoaminika, kipo maabara.

Imani ya pili ni kwamba mpikaji akimwaga "ile ya kwanza" methanoli yote imetoka. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 na ethanoli 78.3, kwa hiyo inaonekana ina mantiki. Ila kwenye pipa na bomba la kienyeji, penye maji mengi, hazitengani vizuri hivyo, methanoli inaendelea kutoka kidogokidogo hadi mwisho. Bahati ni kwamba uchachu wa nafaka na ndizi hutoa methanoli kidogo sana. Maafa makubwa karibu yote yanatoka kwingine: mtu amechukua pombe ya viwandani akaitia ili kinywaji kiwe kikali kwa bei rahisi. Nairobi Novemba 2000 walikufa zaidi ya 130. Kabale, Uganda, 2010, makumi. Kenya tena Mei 2014, kaunti kadhaa kwa wakati mmoja, na Kirinyaga Februari 2024.

Inavyoua: ini hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho na kuchachusha damu. Kugeuzwa huko kunachukua muda, ndiyo maana mnywaji anaamka salama, saa 12 hadi 24 baadaye ndipo tumbo linauma, kichwa kinapasuka, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, macho yanaona ukungu au weupe mtupu. Kama alikunywa na bia pamoja, dalili zinachelewa zaidi, kwa sababu ini huanza na ethanoli. Mililita 10 za methanoli halisi zinaweza kupofusha, 30 zinaweza kuua.

La kufanya: mmoja wenu akianza kusema haoni vizuri, wote mliokunywa kwenye dumu lile mnaenda hospitali, hata mnaojisikia wazima. Nenda na chupa au kilichobaki. Sema neno "methanoli" mapokezi, maana mapokezi wakisikia "amelewa" atawekwa kwenye benchi asubiri pombe imtoke. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia ini lisiigeuze, kuna ya kupunguza asidi, na kuna kusafisha damu kwa mashine. Zote zinategemea umefika saa ngapi.

NesiWaZamu

Nimeitwa. Nianze na "mwache alale, itaisha". Kilele cha pombe kwenye damu kinakuja dakika 30 hadi 90 *baada* ya glasi ya mwisho. Aliyepiga kichupa kwa mkupuo akaanguka, bado anapanda. Wanaokufa usingizini wengi hupaliwa na matapishi au huacha kupumua.

Mwite jina kwa sauti, finya misuli ya juu ya bega. Asipoamka ni hospitali, na usafiri ukitafutwa hesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya 8, au anakaa sekunde 10 bila kuvuta, au ngozi ni ya baridi, au anatapika bila kuamka: hospitali sasa. Kwa ngozi nyeusi usitafute ubluu usoni, funua mdomo wa chini uangalie ndani, angalia fizi na kucha.

Wakati usafiri unatafutwa mlaze ubavu. Piga goti pembeni yake, mkono wake wa upande wako uunyooshe kando, wa upande wa pili uulete kiganja kikae chini ya shavu lake. Kunja goti la mbali, livute kwako, atageuka mwenyewe. Kisha rudisha kichwa nyuma kidogo, mdomo utazame chini ili matapishi yatoke. Mtu abaki naye. Kwenye bajaji alale hivyohivyo, na msimpakize bodaboda mshikaki katikati yenu, kidevu kikigusa kifua njia ya hewa inafungwa.

Usimwagie maji ya baridi, usimtie vidole kooni, usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi. Mtu asiye na fahamu hamezi, unamjazia mapafu.

Na dripu haikati pombe. Inarudisha maji na sukari. Ini linaendelea na mwendo wake.

Sasa la mikono kutetemeka. Familia nyingi zinaamini mlevi mkubwa akifungiwa ndani siku tatu atapona. Aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka akikatishwa ghafla: saa 6 hadi 24 mikono inatetemeka, jasho, moyo mbio. Degedege huweza kuja hadi saa 48. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuona wadudu ukutani, kuongea na wasiokuwepo, joto kupanda. Hapo ndipo anapelekwa kwa mganga kwamba ana mapepo, na baadhi hawarudi. Hali hii inatibika hospitali kwa diazepam inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, na B1 itangulie au iende sambamba na dripu ya sukari. Sukari peke yake kwa mtu asiye na B1 inaweza kumharibu ubongo: macho yanacheza, anayumba, anachanganyikiwa.

Kama hospitali ni ya kesho, apunguze taratibu leo, asikate. Na msimtilie mtu kwa siri kwenye chai dawa ya kumfanya achukie pombe. Akinywa bila kujua, presha inaweza kuanguka.

wa_ziwani254

Mimi nilikuwa nasema mtu anayebeba mzinga bila kuyumba ana ini la chuma.

NesiWaZamu

Ubongo wake umezoea, ini limepokea gramu zilezile. Mzinga wa ml 750 wa 40% ni gramu 237. Asiyeyumba ndiye anayekunywa zaidi.

DawaBaridi

Mengine ya harakaharaka. *Pombe inapasha mwili joto* (watu wa Njombe na Makete mnisikie): inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto huku mwili unalipoteza. Aliyelala nje usiku wa baridi anapoa haraka zaidi akiwa amelewa. *Inaleta usingizi*: inakuangusha haraka, nusu ya pili ya usiku usingizi unakatikakatika na kukoroma kunazidi. *Mvinyo mwekundu na stauti zinaongeza damu*: chuma kilichomo ni kidogo sana, na pombe nyingi hupunguza foliki asidi ambayo mwili unaihitaji kutengeneza damu. Mjamzito aliyeambiwa ana damu pungufu apewe vidonge vya kliniki, asipewe stauti na yai, pombe inapita hadi kwa mtoto. *Mvinyo ni dawa ya moyo*: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na pombe imo kwenye kundi la kwanza, la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani, tangu 1988. Leo saratani zinazohusishwa nayo ni za mdomo, koromeo, kisanduku cha sauti, umio, ini, utumbo mpana, matiti. Umio kwetu Afrika Mashariki si jambo la kupita haraka, Kenya, Tanzania na Malawi zimo kwenye ukanda wenye saratani hiyo kwa wingi.

kijana_wa_goba

Swali la mwisho, naulizia mtu. Anatumia ARV, jioni kuna sherehe. Dozi aiache siku hiyo au aisogeze asubuhi?

DawaBaridi

Ameze kwa saa yake ileile, awe amekunywa au hajanywa. Kuruka dozi kunavipa virusi nafasi ya kujenga usugu, na hilo ni baya kuliko bia alizokunywa. Tatizo la pombe kwake ni kusahau, basi aweke kengele ya simu na kidonge kiwe mfukoni kabla hajatoka nyumbani. Akitapika ndani ya nusu saa na kidonge kikaonekana, ameze kingine. Kama yuko pia kwenye dawa za TB jibu ni tofauti: isoniazidi na rifampisini tayari zinalielemea ini, huko pombe asiguse mpaka amalize miezi yote. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, asisubiri tarehe ya kliniki.